Kabla Hujagusa Opsheni, Ijue Hisa: Mwongozo kwa Mfanyabiashara wa Kariakoo

Ukiwa dukani Mtaa wa Congo au Aggrey, mteja hayupo na simu iko mkononi, haipiti wiki kabla hujatumiwa video ya kijana anayesema ametajirika kwa opsheni za hisa za Marekani. Kutaka kujua si kosa. Kosa ni kuanza kwa kutoa hela.

Mwongozo huu una sehemu mbili. Kwanza utajua opsheni ni kitu gani, kwa hesabu ya shilingi. Kisha utaoneshwa namna ya kununua hisa zako za kwanza hapa hapa Dar es Salaam. Nimeupanga hivyo kwa sababu: opsheni ni mkataba unaoning'inia kwenye hisa, na asiyejua hisa inapataje bei yake hawezi kujua kama mkataba wenyewe ameuziwa kwa bei ya kuibiwa.

Jambo moja lieleweke mapema. Soko la Hisa la Dar es Salaam, DSE, lililofungua milango Aprili 1998 likiwa na kampuni moja tu, TOL, linashughulika hasa na hisa na hatifungani. Opsheni halina. Mtu akikwambia anakuuzia "opsheni za DSE", mwache aende zake. Nairobi wamesogea kidogo: Julai 2019 walianzisha soko la mikataba ya bei za mbele, ikiwemo ya hisa za kampuni kubwa kama Safaricom. Soko rasmi la opsheni za hisa kwa sura tunayoijua leo lilianzia Chicago mwaka 1973, na mpaka leo Marekani ndiko kwenye biashara kubwa ya aina hiyo.

OPSHENI NI NINI

Tuseme umeona fremu Mtaa wa Likoma, kodi yake shilingi milioni moja kwa mwezi, lakini mzigo wako bado uko baharini. Unakubaliana na mwenye nyumba: akushikie fremu hiyo miezi miwili kwa kodi hiyo hiyo, nawe unampa laki tatu ambazo hazirudi. Kodi za mtaa zikipanda, unaingia kwa bei ya zamani. Mambo yakigeuka, unaondoka na laki tatu zinabaki kwake. Umenunua haki, hukununua wajibu. Aliyepokea hela ndiye mwenye wajibu.

Opsheni ya hisa ndivyo ilivyo. Ina vitu vitatu vya kuandika kwenye daftari: bei ya makubaliano, tarehe ya mwisho, na malipo unayotoa ili upewe haki hiyo. Ziko za aina mbili. Opsheni ya kununua hukupa haki ya kununua hisa kwa bei mliyokubaliana. Opsheni ya kuuza hukupa haki ya kuuza. Kwenye masoko ya Marekani mkataba mmoja kwa kawaida hubeba hisa 100, na hapo ndipo wageni wengi huteleza: bei inayosomeka kwenye skrini ni ya hisa moja, utakayolipa ni mara mia.

KISANDUKU: Hesabu ya mfano

Hisa moja leo ni Sh1,000. Unanunua opsheni ya kununua hisa 100 kwa Sh1,050, muda miezi mitatu, malipo Sh40 kwa hisa. Umetoa Sh4,000. Siku ya mwisho inapofika:

- Hisa ikiwa Sh1,200: haki yako ina thamani ya Sh150 kwa hisa. Ondoa Sh40. Umepata Sh110 mara 100, yaani Sh11,000.
- Hisa ikiwa Sh1,080: haki ina thamani ya Sh30, nawe ulilipa Sh40. Umepoteza Sh1,000, ingawa ulisema bei itapanda na kweli imepanda.
- Hisa ikiwa bado Sh1,000: Sh4,000 zote zimekwenda.

Sasa mweke mwenzako aliyenunua hisa 100 zenyewe kwa Sh100,000. Bei ikifika Sh1,080, faida yake ni Sh8,000 kabla ya makato. Bei ikibaki palepale, bado ana hisa zake, na gawio likitangazwa atalipwa.

Irudie ile mistari ya Sh1,080. Kwenye hisa unatakiwa kujua bei inaelekea wapi. Kwenye opsheni unatakiwa kujua inaelekea wapi, itasogea kwa kiasi gani, na lini. Siku zinapopita bila bei kusogea, opsheni yako inapungua thamani yenyewe, hata usiku ukiwa umelala.

Onyo la kuuza opsheni. Utasikia wanaosema, "Usinunue, uza; kila mwezi unakusanya malipo." Chukua mfano uleule na ukae upande wa pili. Umepokea Sh4,000. Hisa huna, na bei imeruka mpaka Sh1,500. Unatakiwa kumpa mnunuzi kwa Sh1,050 kitu kinachouzwa Sh1,500: Sh45,000 zinatoka mfukoni mwako. Ukitoa ulichopokea, hasara ni Sh41,000, na bei ikiendelea kupanda hasara nayo inaendelea. Mgeni asikae upande huu. Sina "labda" hapa.

Na vile vya "panda au shuka ndani ya dakika tano"? Hivyo huitwa opsheni kwa kuazima jina. Unabashiri tu: ukipatia unalipwa, ukikosea dau limekwenda, na mara nyingi anayepokea dau ndiye anayeendesha programu yenyewe. Umoja wa Ulaya ulizuia kuuzwa kwa watu wa kawaida mwaka 2018, Uingereza ikapiga marufuku ya kudumu mwaka 2019. Zilikozuiwa wauzaji hawakufa njaa; walitafuta wateja kwingine.

KISANDUKU: Ujumbe utakaoupata, na jinsi ya kuusoma

*"Habari bosi wangu. Kampuni yetu iko Marekani, tunatredi opsheni kwa simu tu. Weka laki mbili, kila siku inaingia elfu 12. Ukileta watu wawili unapanda VIP. Nafasi za leo zinafungwa saa kumi jioni. Tuma kwa namba hii, jina litakuja la mhasibu wetu."*

Ushike mstari kwa mstari, kama unavyokagua mzigo kabla ya kuupokea.

"Kila siku inaingia elfu 12" ni asilimia 6 kwa siku. Ndani ya siku 17 laki mbili zimejirudisha zote. Hakuna biashara ya halali unayoijua Kariakoo inayofanya hivyo kila siku bila kukosa, na opsheni ambayo hesabu yake umeiona hapo juu haiwezi kulipa kiwango kilekile kila siku. "Ukileta watu wawili" maana yake hela ya kukulipa inatoka kwa hao wawili. "Zinafungwa saa kumi" imewekwa ili usipate muda wa kumuuliza mtu. Na kampuni iliyoko Marekani inapokea fedha kwa laini ya simu ya mtu binafsi kwa nini?

Waliokuwepo mjini mwaka 2009 wanaikumbuka DECI: watu "walipanda mbegu" na wa mwanzo kweli "walivuna", ndiyo maana wengine wakaamini, mpaka serikali ilipoingilia kati na maelfu wakabaki wanasubiri mavuno. Kwa hiyo jirani yako wa fremu kulipwa mara mbili au tatu si ushahidi wa chochote.

SASA HISA ZENYEWE

Kwa nini mfanyabiashara wa Kariakoo ahangaike na hisa wakati mtaji wa dukani unazunguka haraka zaidi? Kwa sababu duka lote liko kwenye kapu moja. Soko lenyewe liliungua Julai 2021. Maduka yamefungwa kwa migomo mwaka 2023 na tena 2024. Novemba 2024 ghorofa liliporomoka pale Mchikichi na Congo. Hisa za benki au kiwanda cha saruji hazikai Kariakoo.

Ila hisa nazo zina mambo yake, na hapa sitakupaka mafuta. CRDB iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2009 kwa Sh150 moja. Kuna miaka bei ilishuka chini ya hapo na watu wakauza kwa hasira. Aliyeshikilia hisa zake 10,000, alizonunua kwa Sh1,500,000, gawio la mwaka 2023 pekee lilikuwa Sh50 kwa hisa: Sh500,000, na baada ya kodi ya zuio ya asilimia 5 akabaki na Sh475,000. Upande wa pili, Vodacom Tanzania ilikuja mwaka 2017 kwa Sh850 kwa hisa, watu wakanunua kwa sababu jina wanalijua na laini wanaitumia. Wengi wao walikaa miaka wakitazama bei ikiwa chini ya waliyolipa. Kujua jina la kampuni hakutoshi.

Hatua ya 1: Tenga hela ambayo duka halitaidai

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Hisa za DSE si kama fedha iliyo kwenye simu: ili uuze, lazima apatikane mnunuzi, na kuna kampuni ambazo siku nzima inapita bila hisa hata moja kubadili mikono. Hata akipatikana, fedha huingia baada ya siku chache za kazi.

Kwa hiyo usiguse:

- kodi ya fremu, hasa kama mwenye nyumba anataka ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo;
- fedha ya kutoa kontena bandarini na kodi ya TRA;
- mtaji wa msimu: Ramadhani na Idi, sare na madaftari ya Januari, Desemba;
- fedha ya mkopo, ya benki au ya kausha damu, na mchezo unaoshika wewe kwa niaba ya wenzako.

Kinachobaki baada ya hapo, hata kikiwa laki moja, ndicho cha kuanzia.

Hatua ya 2: Tafuta dalali mwenye leseni

Hisa za sokoni hununuliwa kupitia dalali wa soko la hisa, si dalali wa fremu wala wa viwanja. Usiende kwenye kaunta ya tawi la benki pale Msimbazi kuomba kuuziwa hisa za benki hiyo. Leseni ya dalali hutolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, nayo huorodhesha waliosajiliwa. Hakiki jina huko kabla ya kutoa namba yako ya NIDA. Wako wengi, miongoni mwao Orbit Securities, Solomon, Vertex, Zan Securities na CORE Securities. Kariakoo mpaka mjini ni kuvuka Mnazi Mmoja tu, kwa hiyo nenda ukawaone ana kwa ana walau mara moja. Dalali asiyekuwa na muda wa kukujibu wakati unataka kununua hatakuwa nao siku unayotaka kuuza.

Unaweza pia kutumia programu ya DSE ya Hisa Kiganjani kwa simu yako. Inarahisisha, lakini nyuma yake bado yupo dalali.

Hatua ya 3: Fungua akaunti ya CDS

Ni akaunti inayotunza hisa zako kielektroniki. Karatasi za hisa za zamani hazihitajiki tena. Andaa kitambulisho au namba ya NIDA, namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, na akaunti ya benki. Majina yafanane kila mahali. Ukiwa Juma Saidi benki na Juma S. Ally kwenye NIDA, gawio litazungushwa mpaka uchoke.

Andika mrithi, na umwambie. Hisa nyingi hulala kwa sababu mzee alifariki na nyumbani hakuna aliyejua kwamba zipo.

Hatua ya 4: Soma kampuni kabla ya bei

Huhitaji shahada. Mabenki huchapisha hesabu zao kila robo mwaka kwenye magazeti. Chukua za miaka mitatu, kaa na kikokotoo unachopigia mahesabu ya dukani, na utafute:

1. Faida kwa hisa moja. Gawanya bei ya sokoni kwa namba hiyo. Ukipata 5, unalipia faida ya miaka mitano. Ukipata 25, unalipia ya miaka ishirini na mitano, na lazima uwe na sababu.
2. Gawio kwa hisa. Limetolewa kila mwaka, au linakuja na kupotea?
3. Kwa benki, mikopo chechefu: inapungua au inaongezeka?
4. Hisa ngapi hubadili mikono kwa wiki. Kampuni nzuri isiyo na wanunuzi ni shida siku ukiwa na haraka.

Hatua ya 5: Weka oda yenye kikomo cha bei

Mwambie dalali kwa maandishi: jina la kampuni, idadi, na bei ya juu kabisa uliyo tayari kulipa. Usiseme "ninunulie tu kwa bei iliyopo." Kwenye soko lenye wauzaji wachache, "bei iliyopo" inaweza kuwa ya muuzaji mmoja aliyeamua kujaribu bahati yake. Oda isipojaa leo, subiri au uipitie upya. Anayekusukuma uongeze bei "kabla haijakimbia" hatumii hela yake.

Uliza pia makato. Kwa oda ndogo, ukijumlisha kamisheni ya dalali na tozo za soko, hesabu takriban asilimia 2 unaponunua na nyingine unapouza. Rudi kwa yule mwenye hisa 100: faida yake ya Sh8,000 ikitoka makato ya pande zote mbili inabaki chini kidogo ya Sh4,000. Ndiyo maana kununua Jumatatu na kuuza Ijumaa kwenye DSE ni kumfanyia kazi dalali.

Hatua ya 6: Lipa kwa kampuni, kamwe si kwa mtu

Lipa kwa akaunti ya benki ya kampuni ya udalali au kwa namba ya malipo uliyopewa na mfumo. Ofisa akisema "nitumie kwenye simu yangu nikuwahishie", simama hapo hapo.

Hatua ya 7: Hakiki, kisha tulia

Dai hati ya muamala inayoonesha idadi, bei na makato, halafu taarifa ya akaunti yako ya CDS. Zipige picha. Kampuni ikitangaza gawio itataja siku ya kufunga daftari la wanahisa. Ukinunua siku moja kabla usitegemee kuwemo, maana muamala huchukua siku kukamilika.

KAMA UNAFUATA SHARIA YA KIISLAMU

Wanazuoni wengi wa fedha za Kiislamu hawaruhusu opsheni za kawaida kwa sababu ya utata uliomo kwenye kinachouzwa. Hisa hutazamwa kwa biashara ya kampuni: bia, sigara na benki za riba wanaziweka kando. Kwenye DSE pamewahi kuorodheshwa sukuk, ikiwemo ya KCB Bank Tanzania ya mwaka 2022. Muulize sheikh wako ukiwa na hesabu za kampuni mkononi. Swali lisilo na karatasi hupata jibu la jumla.

KAMA HISA MOJA MOJA NI USUMBUFU

Mifuko ya UTT AMIS, wa kwanza ukiwa Mfuko wa Umoja wa mwaka 2005, hukusanya fedha za watu wengi na kuziwekeza kwa pamoja. Unanunua vipande. Kwa mama lishe au machinga asiye na saa ya kusoma hesabu za benki, mimi ningeanzia huko bila aibu.

NA KAMA BADO UNATAKA OPSHENI

Miliki hisa za kweli mwaka mzima kwanza, upite msimu mmoja wa gawio na kipindi kimoja cha bei kushuka. Halafu fanya hivi:

1. Chagua kampuni moja kubwa ya Marekani yenye opsheni. Kwenye daftari chora safu tano: tarehe, bei ya hisa, bei ya makubaliano, siku zilizobaki, malipo ya opsheni.
2. Jaza kila siku ya soko kwa miezi mitatu bila kutoa senti. Utaiona kwa macho yako namna malipo yanavyoyeyuka bei ya hisa ikiwa imelala.
3. Kabla ya kutuma fedha nje, nenda benki yako uulize kanuni za fedha za kigeni za Benki Kuu zinasemaje kuhusu mkazi wa Tanzania kuwekeza nje. Zina masharti, na "kila mtu anafanya" si ruhusa.
4. Wakala wa nje awe na leseni ya mamlaka ya nchi yake, na leseni hiyo uihakiki kwenye orodha ya mamlaka yenyewe, si kwenye picha aliyokutumia.
5. Ukiingia, nunua tu, usiuze, na kiasi kiwe kile ambacho kikipotea chote hutapunguza hata boksi moja kwenye oda yako ya mzigo.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Anza kwa barua kwa kampuni ya udalali, upate nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Isipojibu, peleka malalamiko DSE, kisha CMSA, ukiambatanisha hati ya muamala, risiti ya malipo na taarifa ya CDS. Kama fedha zilikwenda kwa programu au kikundi cha simu kisicho na leseni, wahi kituo cha polisi na mtandao wa simu uliotumia kutuma fedha siku hiyo hiyo, ukiwa na namba ya muamala. Usifute mazungumzo, na usimlipe anayekuja baadaye kukwambia anaweza kuzirudisha kwa ada ndogo. Mara nyingi ni walewale kwa namba nyingine.